Wadudu wa mizizi kwenye maua ya ndani: Dawa zinazofaa na za kuepukwa

MAUA ya vyunguni yanayowekwa sebuleni au ofisini yanapoanza kunyauka, wengi huongeza maji. Iwapo chanzo ni wadudu walioko mizizini, hatua hiyo huweza kuzidisha tatizo, kwani udongo usiokauka ndio mazalia ya baadhi yao. Wengine hukimbilia tumbaku au mafuta ya taa, vitu ambavyo ndani ya nyumba yenye watoto ni hatari kuliko wadudu wenyewe.

Kwa hiyo, jambo la kwanza si kutafuta dawa bali kumtambua adui. Inamisha chungu, utoe mmea taratibu pamoja na udongo wake, kisha uchunguze mizizi penye mwanga. Mizizi yenye afya kwa kawaida huwa myeupe au ya rangi hafifu, na ni imara. Ikiwa ni ya kahawia, laini na inanuka, imeoza, mara nyingi kwa maji kupita kiasi. Hapo hakuna dawa ya wadudu itakayosaidia.

Inzi wadogo weusi

Hawa wana urefu wa takriban milimita 3 na huruka juu ya udongo chungu kinapoguswa. Wakubwa hawaharibu mmea. Waharibifu ni funza wao, wenye mwili mweupe na kichwa cheusi kinachong'aa, ambao hukaa zaidi katika sentimita 5 hadi 8 za juu za udongo. Chakula chao ni ukungu na mabaki ya mimea, lakini wakizidi hutafuna mizizi michanga, hasa ya miche.

Ili kuwahakikisha, weka kipande cha kiazi mviringo kibichi juu ya udongo kwa siku mbili hadi nne, kisha ukigeuze. Kama wapo, utawakuta chini yake.

Tiba yao kubwa ni ukavu. Acha sentimita 3 hadi 5 za juu zikauke kabla ya kumwagilia tena. Weka maji katika sahani iliyo chini ya chungu, mmea unywe kwa nusu saa, kisha umwage yaliyobaki. Inzi wakubwa hunaswa kwa kadi ya njano iliyopakwa mafuta ya mgando. Mtego wa siki hauwafai sana. Huo huvuta zaidi inzi wa matunda.

Wapo wanaotumia haidrojeni peroksaidi ya duka la dawa. Ile ya asilimia 3 huchanganywa sehemu 1 kwa sehemu 4 za maji. Ya asilimia 6, sehemu 1 kwa sehemu 9. Huweza kuua funza inaowagusa, lakini hugeuka maji na oksijeni kwa muda mfupi, hivyo haizuii mayai mapya. Katika joto la nyuzi 24 za Selsiasi, kizazi kimoja hukamilika kwa takriban siku 17. Anayeacha baada ya wiki moja atawaona tena.

Vidung'ata wa mizizi

Hawa hufyonza utomvu na kuacha alama nyeupe kama pamba juu ya mizizi na ukutani mwa chungu kwa ndani. Sisimizi wanaoingia na kutoka katika matundu ya chungu ni dalili nyingine, kwani hupenda majimaji matamu yanayotolewa na wadudu wa jamii hiyo.

Miongoni mwa maua yanayosumbuliwa sana nao ni Saintpaulia, ambalo asili yake ni misitu ya Tanzania na Kenya, ikiwamo ya milima ya Usambara, na ambalo sasa hupandwa madirishani duniani kote.

Ondoa udongo wote na kuutupa nje ya nyumba. Osha mizizi kwa maji yenye kijiko kimoja cha chai cha sabuni laini ya maji kwa lita, kisha isuuze vizuri. Kata iliyoharibika, osha chungu kwa maji yanayochemka, na upande katika udongo mpya. Kwa Saintpaulia iliyodhoofika, ni heri kukata jani safi, kulichipusha upya na kuutupa mmea wa zamani.

Minyoo fundo

Minyoo hii haionekani kwa macho, ila mizizi hujaa vinundu visivyobanduka. Mara nyingi huletwa na udongo wa shambani. Hakuna dawa ya jikoni inayoiondoa ndani ya mizizi. Mmea na udongo wake vitupwe, wala visimwagwe bustanini.

Mwarobaini

Dawa ya asili yenye sifa ya kweli ni mbegu za mwarobaini. Twanga gramu 50 za kokwa zilizomenywa, loweka katika lita moja ya maji usiku kucha, chuja na umwagie udongo siku hiyohiyo, kwani nguvu yake hupungua haraka. Huwazuia wadudu kula na kujivua gamba, hivyo matokeo huchelewa. Maji hayo yasinywewe, na yawekwe mbali na watoto.

Za kuepukwa

Maji ya tumbaku yana nikotini, sumu inayopenya hata kwenye ngozi. Tena yanaweza kubeba virusi vinavyoshambulia nyanya na pilipili. Mafuta ya taa huua mizizi na mvuke wake hudhuru wakazi. Chumvi na sabuni ya unga huunguza mizizi. Majivu mengi hupunguza asidi ya udongo, jambo lisilofaa kwa maua kama Saintpaulia.

Kinga

Mmea mpya utengwe kwa wiki tatu au nne kabla ya kuwekwa karibu na mingine. Udongo wa shambani ulowanishwe kidogo na kupashwa moto hadi nyuzi 82 kwa dakika 30, kisha uachwe upoe. Chungu kiwe na matundu ya kutolea maji, na sahani isikae na maji.

Mwenye maua atagundua kwamba sehemu kubwa ya tiba hizi ni usafi, subira na kipimo cha maji. Dawa husaidia pale tu mambo hayo matatu yanapotangulia, na mmea mmoja uliozidiwa ni afadhali utupwe mapema kuliko kuambukiza dirisha zima.