NULL si sifuri, hata ndani ya seli

Wadau, seli ya ini la ngamia hapa Isiolo na ya ngozi yake zina DNA ileile. Tofauti ni sehemu zipi ziko wazi kusomwa. Mwaka 2013 Jason Buenrostro na wenzake wa Stanford walipima uwazi huo kwa kimeng'enya Tn5, kinachokata DNA hasa palipo wazi. Lakini walipata wastani wa seli nyingi pamoja.

Mwaka 2015 wao, na kundi la Jay Shendure kule Seattle kwa njia nyingine, wakapima seli mojamoja. Hapo kazi ikatufikia sisi wa programu: kila sehemu ina nakala mbili tu, nyingi huponyoka, jedwali linajaa sifuri. Mimi nasisitiza: sifuri hiyo mara nyingi ni "haikuonekana", si "imefungwa". Ukichanganya, utatangaza jeni limezimwa kumbe linafanya kazi.