Mkono, Jicho na Akili: Habari za Uuguzi Upande wa Mashariki wa Ziwa

Mtu aingiapo usiku wa manane katika wodi ya watu wazima pale Kwangwa, Musoma, humwona muuguzi akienda kitanda hata kitanda, karatasi mkononi. Wengi hudhani kazi yake ni kutoa dawa kwa saa, kuwageuza wagonjwa, na kungoja amri ya daktari. Sivyo. Iko kazi nyingine iliyo ngumu kuliko hizo, wala haionekani kwa macho, nayo ni kupambanua: ni nani amelala usingizi, na ni nani anayezama. Habari za kazi hiyo katika pande za Mara ni za zamani kuliko hospitali hiyo, kwa hiyo yatupasa kuanza mbali kidogo.

Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliangamiza watu zaidi ya 200,000 katika Uganda, nao ukashuka kuifuata pwani ya ziwa. Wajerumani waliokuwa wakitawala wakati ule wakajenga kambi ya wagonjwa huko Shirati, kaskazini ya Musoma. Katika kazi yao ya malale waliwafundisha vijana wenyeji kupapasa shingo za watu, ili watambue matezi yaliyovimba nyuma ya shingo, maana hiyo ilikuwa dalili ya ugonjwa kabla mtu hajaanza kusinzia. Shingo nyingi zina vitezi vidogo visivyo na maana yo yote. Kijana alipaswa kujua kwa ncha za vidole ni kipi cha kuachwa na ni kipi cha kupelekwa kwa daktari, achomwe sindano na maji yake yatazamwe kwa hadubini. Hadubini ilithibitisha, mkono ndio uliogundua. Lakini katika taarifa zilizopelekwa Ulaya sifa ilikuwa ya hadubini.

Baadaye Waingereza walitawala, na tangu miaka ya 1920 wakaweka madresa katika zahanati za wenyeji, waoshe vidonda, wafunge bendeji na kutoa dawa chache. Mwaka 1934 wamisionari Wamenno kutoka Marekani walifika Shirati, na huko hospitali ikainuka, kisha na chuo cha wauguzi. Desturi ya siku zile, hapa na ng'ambo pia, ilikuwa moja: muuguzi huona, daktari huamua. Kwa karatasi ilikuwa hivyo. Kwa kweli daktari mmoja alihudumia nchi pana, na aliyekuwapo mgonjwa alipobadilika usiku alikuwa ni dresa au muuguzi, naye aliamua, iwe amepewa ruhusa au hakupewa.

Hata mwalimu mkuu wa kazi hii hakuwaza kwamba muuguzi ni mikono mitupu. Florence Nightingale, aliyewauguza askari wa vita vya Crimea tangu 1854, alitoa kitabu cha uuguzi mwishoni mwa 1859, na ndani yake akatenga sura nzima kwa habari ya kumtazama mgonjwa. Mwaka 1860 shule yake ilifunguliwa katika hospitali ya St Thomas' mjini London. Watu wa Butiama wanalo neno lao juu ya hospitali hiyo: Julius Nyerere, aliyezaliwa kwao 1922 na kusoma Mwisenge hapa Musoma, alifia humo tarehe 14 Oktoba 1999 kwa saratani ya damu, akarudishwa kuzikwa nyumbani. Hospitali ya Kwangwa, ambayo ujenzi wake ulianza miaka ya 1970 ukalala muda mrefu, imepewa jina lake.

Sasa tutazame kazi yenyewe. Tuseme mvuvi wa pwani ya Bunda ameletwa kwa kutapika damu. Wavuvi wengi wa ziwa hupata kichocho cha tumbo. Mayai yake hukwama katika ini, damu hukosa njia, na mishipa ya umio huvimba hata ikapasuka. Jioni presha yake ni 110 juu ya 70, nayo imeandikwa kuwa ni nzuri. Saa mbili usiku mapigo ni 88, saa nane 104. Presha ni ile ile. Muuguzi mgeni hushukuru akaendelea na kitanda cha pili. Muuguzi aliyekomaa husimama, maana anajua ya kuwa mtu mzima aweza kupoteza damu zaidi ya lita moja kabla presha haijashuka. Moyo hukimbia kwanza, na pumzi hufuata. Hushika mkono, akauona umepoa na una jasho. Huhesabu pumzi kwa dakika nzima, akapata 26. (Hapa niseme wazi: katika karatasi nyingi pumzi za wagonjwa wote ni 20, kana kwamba wodi nzima inavuta pumoni mwa mtu mmoja. Namba hiyo haikuhesabiwa.) Basi huweka sindano mbili pana mishipani, huzuia chakula, huagiza damu ilinganishwe, na kumwamsha daktari.

Na amwambie nini? Akisema tu, "Mgonjwa haonekani vizuri," daktari aliyechoka atajibu kwamba atakuja asubuhi. Akisema mapigo yalikuwa 88 sasa ni 104, pumzi 26, ngozi baridi, daktari huvaa viatu. Jicho liliona kwanza, lakini namba ndiyo iliyosadikiwa, kama ile hadubini ya Shirati.

Si damu peke yake. Mchimbaji wa dhahabu wa Buhemba aliyepondwa mguu akafungwa plasta, akilia kwa maumivu yasiyotulia kwa dawa, na kuzidi anyooshwapo vidole, huitwa mdekaji. Kumbe nyama ya mguu inakosa damu ndani ya plasta, na baada ya saa chache haitapona tena. Vivyo hivyo homa ya mtu aliyepasuliwa tumbo. Katika nchi ya malaria, kipimo chaweza kuonyesha malaria kweli, na usaha ukawa tumboni vile vile.

Patricia Benner wa Marekani alionyesha katika kitabu chake cha 1984 jinsi muuguzi akuavyo kutoka kufuata kanuni hata kuiona hali nzima kwa mara moja. Mwenzake Christine Tanner mwaka 2006 aliigawa hukumu hiyo hatua nne: kugundua, kufasiri, kutenda, na kutafakari baadaye. Hatua ya nne ndiyo inayosahauliwa, kwa kuwa muuguzi mmoja mwenye wodi iliyojaa hana nafasi ya kuketi.

Hata hivyo wako wanaoitenda kwa kalamu. Kukipambazuka, daftari la makabidhiano huonyesha: saa mbili mapigo 88, saa nane 104, pumzi 26, daktari ameitwa saa nane na dakika tano. Apokeaye zamu huisoma mistari hiyo kwanza, kisha huenda kuushika mkono wa yule mvuvi.