Daraja la Tatu Halikuwa na Orodha

Waulize watu wa Mwanza ni abiria wangapi walikufa katika meli ya MV Bukoba iliyozama Ziwa Victoria, utapewa majibu zaidi ya moja. Idadi inayotajwa sana ni 894. Wengine husema 800 na ushei, na wapo wanaoapa kwamba walivuka 1,000. Ubishi huo hauishi kwa sababu moja ya kiofisi: abiria wa daraja la tatu hawakuandikwa mahali popote.

Meli hiyo, mali ya Shirika la Reli Tanzania (TRC), uwezo wake ulikuwa abiria 430. Mei 1996 ilitoka Bukoba, ikapakia wengine Kemondo, ikakata maji usiku kuelekea Mwanza. Orodha ya abiria wa daraja la kwanza na la pili ilikuwa na watu 443. Maana yake, kwa kuhesabu wenye nauli kubwa peke yao, meli ilikuwa imeshajaa na kupitiliza. Wa daraja la tatu, ambao ndio wananchi wa kawaida wa njia ile, walipanda bila majina yao kubaki bandarini.

Asubuhi ya Jumanne, Mei 21, ikapinduka Mwanza ikiwa si mbali. Kwa muda ilielea tumbo juu, na ndani yake kulikuwa na watu walio hai. Waokoaji wakaitoboa ili wawatoe. Hewa iliyokuwa ikiishikilia ikatoka, ikazama. Rais Benjamin Mkapa akatangaza siku 3 za maombolezo, maiti wengi wakazikwa kwa pamoja Igoma, na tume ya Jaji Robert Kisanga ikapewa kazi ya kuchunguza.

Miongoni mwa waliozama alikuwemo Abu Ubaidah al-Banshiri, kamanda wa kijeshi wa al-Qaeda. Kundi lake lilituma watu ziwani kuhakikisha kama kweli amekufa, na habari hizo zikaja kuelezwa katika kesi ya mwaka 2001 mjini New York. Magaidi nao ilibidi waje wenyewe kuulizia.

Mwaka 1996 ndugu wa marehemu hakuwa na sheria ya kumshika afisa mkono na kumwambia nionyeshe. Katiba, ibara ya 18, ilitaja haki ya kupata habari, lakini kwenye kaunta za serikali iliyojulikana zaidi ilikuwa Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970 na mhuri wake wa SIRI. Serikali ilipotoa rasimu ya sheria ya uhuru wa habari mwaka 2006, Baraza la Habari, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, Chama cha Wanahabari Wanawake (TAMWA) na wenzao waliikataa wakaandika ya kwao. Ikaja danadana ya miaka 10. Tanzania ikajiunga na Mpango wa Uendeshaji wa Serikali kwa Uwazi mwaka 2011, Rais Jakaya Kikwete akaahidi sheria akiwa London mwaka 2013, na Bunge likaipitisha Septemba 2016. Mwaka uliofuata nchi ikajitoa katika mpango wenyewe.

Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilitoka Bugolora, Ukerewe, siku ya gulio, kikapinduka hatua chache kabla ya kufika gati la Bwisya kisiwani Ukara. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Mkata tiketi alikufa, na mashine yake iliyokuwa na hesabu ya abiria ikapotelea majini. Jioni ya kwanza ilitangazwa vifo 44. Idadi ikawa inapanda kadiri wazamiaji walivyotoa miili, ikaishia 228, na walionusurika 41, akiwemo fundi wa kivuko aliyetolewa hai siku mbili baadaye. Kwa hiyo waliopanda walipatikana kwa kujumlisha maiti na wazima: 269.

Mwezi huohuo Bunge lilikuwa limerekebisha Sheria ya Takwimu, ikawa kosa la jinai kusambaza takwimu zinazopotosha au kupinga za serikali, adhabu isiyopungua kifungo cha miaka 3 au faini ya shilingi milioni 10. Mwanakijiji wa Ukara ambaye hesabu yake ya makaburi ingepishana na ya mkoa angefikiria mara mbili kabla ya kuisema redioni. Benki ya Dunia ilieleza wasiwasi wake, na Juni 2019 kosa hilo likafutwa.

Leo, kwa sheria ile ya 2016, aliyefiwa, mradi ni raia, anaweza kuomba taarifa kwa taasisi ya umma na kudai jibu ndani ya siku 30. Aliyepoteza mtu Ukara anaweza kuomba aonyeshwe uchunguzi ulikuta nini. Aliyempoteza wake katika daraja la tatu la MV Bukoba hata akiandika barua nzuri namna gani, ataomba karatasi ambayo karani hakuiandika.