Ununuzi mtandaoni

Ununuzi mtandaoni ni tendo la kuchagua, kuagiza na mara nyingi kulipia bidhaa au huduma kwa njia ya intaneti, bila mnunuzi na muuzaji kukutana ana kwa ana. Ni sehemu ya biashara ya kielektroniki na hufanyika kupitia tovuti, programu za simu na mitandao ya kijamii.

Tofauti yake kubwa na ununuzi wa dukani au sokoni ni kwamba mteja hawezi kushika, kupima wala kuonja kitu kabla ya kukinunua. Kwa sababu hiyo taratibu zake nyingi zilibuniwa ili kuwawezesha watu wasiojuana kuaminiana.

Historia

Mwaka 1979 mvumbuzi Mwingereza Michael Aldrich aliunganisha televisheni na kompyuta kwa laini ya simu ili kupokea maagizo ya wateja. Mnamo Mei 1984 bibi wa miaka 72 mjini Gateshead, Uingereza, alitumia rimoti ya televisheni yake kuagiza majarini na mayai kutoka Tesco.

Biashara hiyo ilikua baada ya tovuti kuenea katika miaka ya 1990. Kampuni ya Amazon, iliyoanzishwa na Jeff Bezos nchini Marekani mwaka 1994, ilianza kuuza vitabu mwaka 1995. Mwaka huohuo Pierre Omidyar alianzisha mnada wa mtandaoni uliokuja kuitwa eBay. Humo wanunuzi na wauzaji waliandika maoni kuhusu wenzao, na maoni hayo yakawa kipimo cha uaminifu. Nchini China, Alibaba ilianzisha soko la Taobao mwaka 2003 na mwaka uliofuata huduma ya Alipay, iliyoshikilia fedha za mnunuzi mpaka apokee mzigo wake.

Afrika ya Mashariki

Huduma ya M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, iliwapa watu wasio na kadi ya benki njia ya kulipa wakiwa mbali. Kilimall ilianza Kenya mwaka 2014. Jumia, iliyoanzia Nigeria mwaka 2012, iliingia pia katika eneo hili, lakini ilifunga shughuli zake za Tanzania mwaka 2019.

Wafanyabiashara wengi wadogo hawana tovuti, bali hutumia WhatsApp, Instagram na Facebook. Muuzaji huweka picha za bidhaa, naye mteja huuliza bei kwa ujumbe. Hivyo kupatana bei, ambako sokoni hufanyika kwa mdomo mbele ya watu, kumekuwa mazungumzo ya maandishi kati ya watu wawili. Mjini mzigo hupelekwa na bodaboda. Kwa wateja wa mikoani hutumwa kwa basi.

Faida na hatari

Mteja huokoa nauli na muda, tena huweza kulinganisha bei za wauzaji wengi. Muuzaji naye huweza kuanza biashara bila kulipa kodi ya fremu.

Hata hivyo, mteja anaweza kupokea bidhaa isiyofanana na picha, au kutuma fedha kisha asipate kitu. Muuzaji pia anaweza kupata hasara mteja akikataa mzigo uliokwisha kusafirishwa. Ndiyo maana wengi hupendelea malipo baada ya kupokea mzigo.

Sheria

Nchini Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012 inagusa pia mikataba inayofanyika kwa intaneti. Nchini Tanzania, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ujumbe wa kielektroniki kupokewa mahakamani kama ushahidi. Kwa hiyo mazungumzo ya bei yaliyohifadhiwa katika simu, pamoja na ujumbe wa kuthibitisha malipo, yanaweza kumsaidia mnunuzi ambaye hakupewa risiti.