Hesabu ya Pangaboi

Nyanya yangu, tunayemwita Dani, alipanda ndege mara ya kwanza mwaka wa 2014, Kisumu hadi Nairobi. Jambojet ilikuwa imeanza kuruka tarehe 1 Aprili mwaka huo, nauli kuanzia shilingi 2,850, na mjomba akaona heri amkatie tiketi kuliko kumweka kwenye basi la usiku na magoti yake yale. Ilikuwa Boeing 737. Miaka minne baadaye nilisafiri naye tena, kampuni ileile, na alipoona ndege yenye mapanga mawili makubwa akasimama palepale kwenye lami. "Kwani hawa watu wamefilisika? Wametuletea ya wakoloni."

Nilicheka, lakini swali lilinikaa. Nikaenda kuchimba. Boeing 737-300, kama ile aliyopanda mara ya kwanza, ni aina iliyoanza kubeba abiria mwaka wa 1984. Q400, hii ya mapanga, ilianza 2000. Ile aliyoiona kizee ndiyo kijana. Watanzania wana neno tamu la ndege hizi: pangaboi, jina la feni ya dari. Ni neno la dharau kidogo, na nadhani dharau hiyo imegharimu watu pesa nyingi.

Stori yenyewe inaanzia mbali, Texas. Southwest Airlines iliruka mara ya kwanza tarehe 18 Juni 1971, kati ya Dallas, Houston na San Antonio. Mwaka uliofuata walikuwa na Boeing 737 nne na mfuko mtupu, wakalazimika kuuza moja. Sasa wafanye nini, wapunguze safari? Walikataa. Wakaamua ndege ikitua iwe imegeuzwa, imesafishwa, imepakiwa na kuondoka ndani ya dakika kumi, ili tatu zifanye kazi ya nne. Mtu yeyote aliyewahi kuona konda akishusha na kupakia pale Kencom saa kumi na mbili jioni anaelewa hii biashara. Gari lililosimama halileti kitu.

Hapo ndipo kanuni ilizaliwa: aina moja ya ndege, rubani yeyote aweze kurusha yoyote, stoo moja ya vipuri, fundi mmoja anajua zote. Wapinzani hawakulala. Mwaka wa 1973 Braniff walishusha nauli ya Dallas–Houston hadi dola 13, nusu ya ile ya Southwest ya 26. Southwest wakamwambia abiria: lipa 13 ukitaka, au lipa 26 tukupe na chupa ya pombe kali. Wafanyabiashara waliokuwa wakilipiwa safari na ofisi wakalipa 26 na kwenda nyumbani na chupa. Naipenda sana hiyo.

Mwaka wa 1995 Stelios Haji-Ioannou, kijana wa familia yenye meli, akaihamishia kanuni Uingereza na kuanzisha easyJet pale Luton. Na ni jina lake hilohilo lililofika Afrika Mashariki.

Lakini kabla yake tulikuwa na wetu. Fly540 ilianza 2006 kati ya Nairobi na Mombasa, na jina lake lilitokana na bei: shilingi 5,540. Waliruka na ATR 42, ya mapanga, viti chini ya 50. Hakuna aliyeandika makala za kusifu ndege hizo. Wabia wao Lonrho wa Uingereza walinunua sehemu ya kampuni, na mwaka wa 2012 kitengo cha ndege cha Lonrho kikauzwa na kugeuzwa kuwa Fastjet, Stelios akiwa ndani.

Fastjet ilianza Dar es Salaam tarehe 29 Novemba 2012, kwenda Mwanza na Kilimanjaro. Nauli ya chini kabisa ilitangazwa kuwa dola 20 kabla ya kodi. Ndege? Airbus A319, jeti, viti 156. Sehemu kubwa ya abiria wao hawakuwa wamewahi kupanda ndege maishani. Hilo nisilipuuze, maana watu wa Mwanza waliokuwa wakikaa barabarani kutwa nzima ghafla walifika Dar kwa muda wa filamu moja.

Shida ilikuwa viti. Chukua mfano wa matatu. Ukiwa na ya abiria 14, inajaa haraka, inaondoka, inarudi. Ukileta basi la 60 kwenye steji ya watu 20, utapiga kelele mpaka koo likauke. Sema Jumanne fulani wamejitokeza watu 70 wa Kilimanjaro. Kwenye A319 hao hawafiki nusu ya viti. Kwenye Q400 yenye viti 78, umebaki na nafasi nane tu. Tena kwenye safari fupi jeti haijamaliza kupanda vizuri kabla ya kuanza kushuka, na huko chini ndiko inakokunywa mafuta. Pangaboi hupaa chini zaidi, polepole zaidi, kwa mafuta machache, na abiria anachelewa dakika chache tu.

Juu ya hapo, ndege zilikodiwa kwa dola huku tiketi zikiuzwa kwa shilingi, na 2015 shilingi ya Tanzania ikaporomoka. Vibali vya kuvuka mipaka vilicheleweshwa; Nairobi waliipata mwaka wa 2016. Mwaka huohuo bosi mpya, Nico Bezuidenhout, aliondoa makao makuu Gatwick akayapeleka Johannesburg, na akaanza kubadilisha A319 kwa Embraer ndogo. Septemba hiyo serikali ya Magufuli ikapokea Q400 mbili za kufufua Air Tanzania. Sasa pangaboi za serikali ziko kwenye njia zilezile. Desemba 2018 Fastjet Tanzania ikasimamishwa na mamlaka ya usafiri wa anga, madeni yakiwa shingoni.

Nimesoma watu wakisema Fastjet iliuawa na siasa. Ilichangia. Lakini mimi nadhani walinakili ndege ya Southwest wakaacha hesabu yake. Southwest walikuwa na miji mitatu mikubwa yenye watu wa suti wanaosafiri kila siku.

Jambojet nayo ilianza na kosa hilohilo: ilirithi 737 za mama yake, Kenya Airways, ambaye mwaka wa fedha wa 2014/15 alipata hasara ya shilingi bilioni 25.7. Tofauti ni kwamba waligeuka mapema. Waliziachia Boeing wakabaki na Q400 peke yake, aina moja, kanuni ya Texas lakini kwa saizi ya Kisumu na Eldoret. Wakafungua Ukunda, wakaenda Malindi. Hata treni ya Mombasa ilipoanza Mei 2017 kwa shilingi 700, bado waliruka.

Lakini bei nafuu ina mwenyewe, na ni yule anayejua leo atasafiri lini mwezi ujao. Mjomba, yuleyule aliyemkatia Dani tiketi, alifariki Desemba moja. Nilifungua simu usiku ule, na kampuni niliyoangalia ilitaka zaidi ya mara nne ya ile bei ya mabango. M-Pesa yangu haikufika hata nusu. Matanga hayakatiwi tiketi wiki sita mapema. Nilipanda basi, nikafika alfajiri, miguu imevimba, Dani akanikuta kwenye geti.

Baadaye nilimwonyesha ile miaka kwenye simu, 1984 na 2000. Aliiangalia, akanirudishia. "Hiyo ya feni inatetemeka," akasema. "Lakini ilikuwa imejaa."