Ufa Usiosemwa

Mkanada John Williamson alipogundua almasi huko Mwadui, Shinyanga, mwaka 1940, ilikuwa enzi ya ukoloni. Kibarua alitakiwa kusikia amri na kuitika, basi.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea, alitaka shule zimjengee kijana akili ya kudadisi na moyo wa kujiamini. Mwaka huohuo Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi, lakini sekondari zikabaki na Kiingereza. Mwanafunzi asiyekimudu huogopa kuchekwa, akazoea kunyamaza.

Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, na Bulyanhulu mwaka 2001. Humo kunyamaza ni hatari. Mkataba Na. 176 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1995, unatambua haki ya mchimbaji kutoa taarifa ya hatari, na hata kuondoka mahali penye hatari. Je, haki hiyo itamfaa nini kijana asiyethubutu kumwambia msimamizi wake: "Mzee, mwamba huu una ufa"?

Walimu wetu wa Shinyanga na Geita hufundisha barua ya kuomba kazi. Ni vyema. Waongeze zoezi moja: mwanafunzi asimame, aeleze ameona nini, wapi na lini; mwenzake arudie alichosikia. Waanze kwa Kiswahili, kisha Kiingereza. Kuwaheshimu wakubwa hakukatazi kusema kweli.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Machimboni, ufa usiposemwa, tutachimba kaburi.