Kupiga Risasi, Kupiga Picha, Kupiga Hodi

Kiswahili kinampa mwindaji na mpiga picha kitenzi kimoja. Huyu anapiga risasi, yule anapiga picha. Kwa kawaida hatuoni ajabu yoyote hapo. Ni lugha tu na mazoea yake. Lakini kwa sokwe wa milimani, wale wakubwa weusi ambao wengi tunawaita gorila na Wanyarwanda wanawaita ingagi, kitenzi hicho kimebeba historia nzima. Risasi ilitangulia, kamera ikafuata, na kuna wakati zote mbili zilishikwa na mtu yuleyule.

Tuanze na risasi. Oktoba 1902, Kapteni Robert von Beringe, ofisa wa jeshi la Wajerumani, alikuwa akipanda Sabyinyo, mmoja wa milima ya volkano ya Virunga, pale ambapo leo Rwanda, Uganda na Kongo zinakutana. Akaona kundi la sokwe wakubwa juu ya kambi yake, akafyatua bunduki. Wawili walitumbukia kwenye korongo, na mmoja ndiye aliyeweza kutolewa. Mabaki yakapelekwa Berlin, na mwaka 1903 mtaalamu Paul Matschie akamwita mnyama huyo Gorilla beringei. Watu wa miteremko ile walikuwa na jina lao kwa mnyama huyu, tena la siku nyingi. Haidhuru: kwenye vitabu vya sayansi aliingia na jina la aliyempiga.

Miaka 19 baadaye akaja Mmarekani Carl Akeley. Huyu alikuwa fundi wa kukausha wanyama kwa ajili ya jumba la makumbusho la New York, na alikuwa amebuni kamera yake mwenyewe ya sinema, nyepesi kugeuza, ya kumfuata mnyama anayekimbia. Mwaka 1921 aliipandisha milima ya Mikeno na Karisimbi, upande wa Kongo ya Wabelgiji, pamoja na bunduki. Filamu fupi aliyopiga huko inahesabiwa kuwa ya kwanza kuwaonyesha sokwe wakiwa hai msituni kwao. Na sokwe aliowatafuta kwa ajili ya jumba la makumbusho nao walipigwa. Ukienda New York leo utawakuta nyuma ya kioo, na mlima wao umechorwa ukutani.

Wapenzi wa vitabu wana sababu ya ziada ya kuikumbuka safari ile. Alikuwamo mwandishi Mary Hastings Bradley, aliyeisimulia katika kitabu On the Gorilla Trail, na alikuwamo bintiye wa miaka sita, Alice. Mtoto huyo alikua, akawa mwandishi mkubwa wa hadithi za kubuni za kisayansi, akijificha nyuma ya jina la kiume: James Tiptree Jr. Yaani kabla ya kuandika juu ya viumbe wa sayari nyingine, alikuwa ameshapita Virunga.

Akeley mwenyewe hakushuka mlimani alivyopanda. Aliandika kwamba alipoutazama uso wa dume lililokufa, ilibidi ajikaze kwa bidii ya kisayansi asijione muuaji. Alirudi kwao akawa mtetezi wa sokwe, akamshawishi Mfalme Albert wa Ubelgiji, na mwaka 1925 ikaanzishwa Hifadhi ya Taifa ya Albert, ya kwanza barani Afrika, ambayo leo ni Virunga. Mwaka 1926 alirudi mlimani, akaugua, akafa, akazikwa palepale Kabara, kwenye uwanda kati ya Mikeno na Karisimbi.

Hebu tusimame hapo Kabara kidogo, maana historia yote inapita hapo. Mwaka 1959 alifika George Schaller, mtafiti kijana aliyeamua kwenda kwa sokwe bila bunduki na bila kujificha. Alikaa mahali anapoonekana, akasubiri wamzoee. Mwaka 1963 walikuwapo Joan na Alan Root, wapiga filamu kutoka Kenya, wakiwapiga picha sokwe hao. Mtalii mmoja Mmarekani akapita kambini mwao, naye akaonyeshwa sokwe kwa mara ya kwanza. Jina lake Dian Fossey. Kiongozi wao msituni alikuwa Mkongo aliyeitwa Sanwekwe, mfuata nyayo. Fossey aliporudi kuanza utafiti mwaka 1967, Sanwekwe ndiye aliyemfundisha kusoma msitu: jani lililovunjika, kinyesi kilichopoa, mahali kundi lilipolala.

Sasa jiulize: umewahi kuona picha ya Sanwekwe? Mimi nimeona za Fossey kwa mamia.

Vita vya Kongo vilimhamisha Fossey upande wa Rwanda, na Septemba 1967 akaanzisha kambi ya Karisoke. Yeye na wafanyakazi wake Wanyarwanda walisikilizana kwa Kiswahili. Msituni alijifunza lugha nyingine: kuguna kama sokwe aliyeshiba, kutafuna majani, kuinamisha macho. Kwa maneno yetu, alijifunza kupiga hodi. Akaja Bob Campbell, mpiga picha kutoka Kenya, aliyetumwa na jarida la National Geographic. Alikaa naye miaka, na mwaka 1970 alikuwapo wakati dume kijana, Peanuts, liliponyoosha mkono na kugusa vidole vya Fossey. Kwa watu wengi duniani, hofu ya sokwe mla watu iliisha kwa picha za namna hiyo.

Lakini picha nzuri inaweza kuficha jambo. Jalada la jarida hilo la Januari 1970 linamwonyesha Fossey akiwa na watoto wawili wa sokwe, Coco na Pucker. Ni picha ya upendo mtupu. Watoto hao walikuwa wamekamatwa kwa ajili ya bustani ya wanyama ya Cologne, Ujerumani. Fossey aliwauguza, wakachukuliwa, na mwaka 1978 wote wawili wakafa hukohuko ugenini.

Digit naye. Picha yake ilitumika kwenye mabango ya utalii, ikiwakaribisha wageni waje kumwona Rwanda. Desemba 31, 1977, majangili walimuua kwa mikuki, wakakata kichwa na mikono. Aliyeukuta mwili, pamoja na mtafiti Ian Redmond, alikuwa mfuata nyayo Nemeye. Tena mfuata nyayo.

Huo ndio mpangilio wa miaka mia. Hata leo, ukilipia kibali Rwanda (dola 1,500 kwa mgeni) unapewa saa moja tu na sokwe, bila flashi, na kabla yako wametangulia watu waliotoka alfajiri kutafuta kundi lilipolala. Wewe unarudi na picha. Wao wanarudi kesho.

Julai 2007 mpiga picha Brent Stirton alikuwa Virunga, upande wa Kongo, sokwe wa familia ya Rugendo walipouawa kwa risasi, likiwemo dume Senkwekwe. Picha yake ilizunguka dunia: mwili mkubwa umefungwa kwenye miti, na watu wengi wameubeba mabegani kupita kwenye majani, kama wanavyobebwa wafu wetu. Wabebaji nao wakaonekana. Ila ilibidi kuwe na msiba.

Mwezi mmoja kabla, walinzi walikuwa wamemkuta mtoto wa miezi miwili, Ndakasi, ameng'ang'ania maiti ya mama yake. Mlinzi Andre Bauma alimkumbatia usiku kucha ili asife kwa baridi. Mwaka 2019 mlinzi mwingine, Mathieu Shamavu, alijipiga picha kwa simu, na nyuma yake Ndakasi na mwenzake Ndeze wamesimama wima kama ndugu wanaosubiri basi. Dunia ilicheka. Mimi naiona picha hiyo kuwa muhimu kuliko jalada la 1970. Mtu wa msitu ule ameshika kamera mwenyewe, naye yumo ndani ya picha.

Mwaka uliofuata, Aprili 2020, walinzi 12 wa Virunga waliuawa kwa siku moja. Tangu hifadhi ianzishwe wameshakufa zaidi ya 200. Ndakasi alifariki Septemba 2021, kichwa chake kifuani kwa Bauma, na picha ya mwisho ipo. Sokwe wa milimani, ambao miaka ya 1980 Virunga ilibaki na takriban 250, sasa wanazidi 1,000 ukijumlisha na wa Bwindi, Uganda. Kamera imesaidia, tusiinyime haki yake. Ila utakapoiona tena picha ya sokwe, usiishie kwenye macho yake. Tafuta pembeni, kwenye majani yaliyofyekwa. Kuna mtu amepita hapo na panga.